Nyota ya Denise Inafikika

Bruxelles, 14 Januari 1985

Kwako Mama Denise, Viviane wangu,

Salamu nyingi kama mvua ya Bunia. Uko muzima? Denise iko muzima? Kile kikohozi chake kilikwisha? Yaya Paluku, kaka yangu mukubwa, naye bado anakoroma mupaka mbuzi wanaamuka? Miye niko sawa, isipokuwa baridi ya huku inaingia mupaka ndani ya meno.

Sasa kaa chini kwanza. Siku Mungu aligawa bahati, bwana yako Kule alikuwa wa kwanza kwenye mustari, halafu akazunguka nyuma ya nyumba akarudi na sahani ya pili. Nilipata kazi! Na si ya kubeba magunia. Huku kuko mashine inaitwa ordinateur, ile kompyuta, inafungwa na televizio, na ndani yake watu wanacheza muchezo wa kuendesha fusée, ile roketi, mbinguni. Muchezo muzuri, lakini nyota zake zilikuwa za bure, kama chokaa imemwagika kwenye nguo nyeusi. Unaendesha, unaendesha, hauzikaribii. Patron, mukubwa wetu wa kazi, akaniita: "Monsieur Kule, nataka nyota za kweli, kila moja pahali pake, na mutu aweze kufika." Miye, niliyekimbia masomo sababu ya hesabu! Nikamwambia: "Patron, weye lala tu."

Ninazipanga moja moja. Nyekundu ni muzee, inazimika polepole. Ya bluu ndiyo ya moto kuliko zote, si kama makaa yako. Na moja nimemupa mutoto wetu. Giza likiingia, Denise atafute nyota tatu zinazosimama mustari kama wanafunzi mbele ya bendera. Afuate mustari ule kushuka, ataona moja kubwa, nyeupe, inayoshinda zote. Ile ni yake. Inaitwa Denise, na inafikika.

Ni miye bwana yako,
Papa Denise


Bunia, Mudzipela, 10 Machi 1985

Kwako Papa Denise,

Salamu zetu zikufikie. Siye tuko wazima, na weye? Unavaa ile pull-over dada yako Félicité alikufumia, ama umeiweka kwa sanduku sababu ya kujionyesha? Kikohozi kilikwisha.

Barua yako imesomwa mupaka inachanika kwenye mikunjo. Yaya Paluku aliibeba kwenye pombe: "Mudogo wangu ni mukubwa wa nyota!" Katsuva, yule fundi wa baiskeli, akamuuliza: "Na mwezi anauza bei gani?" Watu walianguka na kicheko, lakini walimupa kiti. Sasa nikipita sokoni na samaki wangu wa Tchomia, wanawake wanasema, "Mupisheni mama ya nyota." Kama ni heshima ama ni matusi, sijajua.

Denise aliipata siku ile ile. Iko juu ya paa la jirani yetu Pétronille. Lakini unamujua na maswali yake. Akifika, nani atamufungulia? Njiani kuko giza? Papa atakuwa pale, ama atakuwa kazini? Nilimwambia alale. Akasema, "Mama, andika." Nimeandika.

Miye sina maswali ya nyota. Niko na moja tu: utakuja lini?

Ni miye bibi yako,
Mama Denise


Bruxelles, 21 Aprili 1985

Kwako Mama Denise,

Salamu, na salamu tena kwa ile sauti yako ya kugombana, ninaisikia mupaka huku. Nimefurahi kikohozi kilikwisha. Miye nimenenepa, mukanda unalia.

Hii picha ni miye na mashine yenyewe. Angalia mukono wangu juu yake, kama mutu na ng'ombe wake. Umuonyeshe Katsuva pia, umwambie mwezi hauuzwi kwa watu wa deni.

Majibu ya Denise ni haya. Giza liko, lakini ni fupi, na fusée iko na taa mbele. Asiogope, asigeuke nyuma, aangalie ile nyeupe tu. Mulango hauna funguo. Na papa yake atakuwa pale anasimama, kazi au si kazi.

Kuja nitakuja, nikimaliza nyota. Unajua patron bila miye hawezi hata kuwasha taa.

Ni miye,
Papa Denise


Bunia, 11 Agosti 1985

Papa Denise,

Salamu. Leo sitauliza habari ya afya. Kama unasimama, keti.

Denise wetu amekufa, mwanzo wa mwezi wa saba. Surua ilipita Mudzipela nyumba kwa nyumba. Kwake ikashuka kwenye kifua. Tulimupeleka kwa waganga wa hospitali, wakafanya yao yote. Nilitaka kukuandikia siku ile, nikashindwa.

Hakuogopa. Hiyo ndiyo nataka ujue. Tangu mwezi wa sita nyota yake ilikuwa haionekani tena, tuliitafuta hata juu ya paa la Pétronille, bure. Nilifikiri atalia. Akasema, "Papa ameishusha ili isiwe mbali." Siku ya mwisho alinifariji yeye: "Mama, giza ni fupi. Iko na taa mbele." Picha yako tulimuzika nayo.

Sasa sikia. Yaya Paluku amekataa kutosha matanga, kilio kisimalizwe. Alisema mbele ya watu wote: "Baba ya mutoto ni mukubwa Ulaya, ndege kwake ni kama baiskeli. Hakuna mutu atainuka kwenye mukeka mupaka Kule afike atoshe kilio mwenyewe." Niko chini tangu siku ile. Sijanyolewa, siendi sokoni. Watu wanakuja, wanalia, wanakula, wanauliza: amefika?

Jina langu lingali lile lile.

Mama Denise


Bunia, 20 Oktoba 1985

Papa Denise,

Salamu. Haukujibu.

Mvua imeanza, mikeka inalowa, tumeingiza kilio ndani ya nyumba. Félicité amerudi kwake, watoto wake walikuwa na njaa. Pétronille peke yake anabaki kulala na miye. Kila ndege ikipita juu, yaya Paluku anavaa viatu. Katsuva hachezi tena na jina lako, ndiyo nikajua mambo yameharibika.

Sikuombi nyota. Uje, ama useme.

Mama Denise


Bruxelles, 17 Novemba 1985

Viviane, Mama Denise,

Salamu. Barua yako ya kilio nilikuwa nayo tangu Septemba, kwenye mufuko wa koti. Hii nilianza kuiandika na muchezo wa maneno, ile desturi yangu, nikapasua. Nikaanza tena, nikapasua. Kichekesho hakipatikani.

Mwambie yaya Paluku asivae viatu. Sikuji. Sina ticket, na sina papier za kukaa huku, nikitoka sirudi, na hata kutoka siwezi. Atoshe matanga kesho. Awaambie watu wote sababu, asifiche, asome barua hii kwa sauti, Katsuva akae mbele. Weye nyolewa, oga, rudisha mikeka ya watu, enda Tchomia utafute samaki. Usilale tena chini kwa kungojea mutu mukubwa. Hakuna mutu mukubwa.

Kuko duka hapa, wanauza zile mashine. Ninafagia ndani yake. Kijana mumoja muzungu alisema kwamba siku moja watatia nyota za kufika ndani ya muchezo, na miye nilikuwa pale na ufagio nikasikia. Nikachukua maneno yake, nikakutumia. Picha tulipiga wakati patron ameenda kula. Kwenye ule muchezo, mupaka leo, nyota ni chokaa. Nilisimama mbele ya dirisha wiki nzima baada ya barua yako, nikiangalia fusée inakimbia na haifiki.

Ile nyeupe itarudi juu ya paa la Pétronille, Desemba utaiona. Inarudiaka kila mwaka. Hiyo hainihitaji.

Nilimwambia mutoto kwamba nitakuwa nasimama pale. Sikuwa pale.

Sina bahati, Viviane. Sikupata kazi ya nyota. Nilisema uongo.

Papa Denise