Kizimba cha Uani

Mtongwe, Machi 1961

Dada yangu Barke,

Shikamoo. Huku mvua bado, na ule mnazi mfupi umeanza kuzaa.

Yule paka uliyenipa amejengewa kizimba uani, cha mbao na wavu. Tangu Abdillahi, mume wangu, alete mke wa pili, paka hukojolea msala wa huyo mwenzangu, nao wanasema nimemfundisha mimi. Wallahi, nani kaweza kumfundisha paka? Sasa kutwa analia na kukwaruza mbao mpaka kucha zatoka damu.

Jana fundi alirudi na mbao nyingine. Nikadhani anapanua kizimba. Kumbe anajenga chumba, dada, ubavuni mwa paka. Kitanda changu kimeshatolewa nje.

Mama akikuuliza, mwambie hatujambo, mimi na paka.

Nduguyo,
Tima