Kwa Mke Mwenzangu, Aliyekataa Kung'oa Mahindi

Mke mwenzangu Tausi,

Mungu akutie nuru huko uliko. Barua hii haina posta ya kuipeleka. Kaka yako alishuka Ijumaa kutoka gari moshi la Morogoro, akaja moja kwa moja barazani kwangu Kinondoni, na alipovua kofia kabla hajasalimu, nikajua. Amesema hukuugua sana. Amesema umezikwa kwenu Uluguru, upande wa mlima unaotazama mto.

Nimelia, nimemaliza. Sasa nimeshika kalamu, naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizokuwa ukizicheka kuwa zinakwenda kinyumenyume, kwa sababu mtaani wameanza kukusimulia kombo. Wanasema uliachwa kwa ukaidi. Wanasema ulijitakia. Mie nilikuwepo. Nitaisema habari hii ilivyokuwa, mbele ya yeyote atakayetaka kusomewa, na asiyetaka azibe masikio.

Selemani alikuoa wakati wa vita vya pili. Mie nilikuwa mkewe wa miaka mingi, mzaliwa wa hapa hapa. Wewe binti wa mlimani, kijana, Kiswahili chako kina vilima na mabonde. Siku unaingia majirani walijazana madirishani kungoja matusi. Ukatua mzigo, ukapiga goti: "Shikamoo, Bi Mkubwa." Nikaitika marahaba kwa ncha ya ulimi, nikarudi jikoni. Sikukupenda, nawe hukuniomba nikupende. Ulichukua ufagio ukafagia nusu yako ya ua, yangu ukaiacha kama ilivyo. Hapo ndipo nilipoanza kukuheshimu.

Kilichotukutanisha ni njaa. Mchele wa Burma ulikuwa umekoma kuja, rafu za maduka tupu, unga tunaupangia foleni tangu alfajiri, na ukifika mbele unaambiwa umekwisha. Mume wetu alikuwa tarishi huko Bomani, kaptula yake ya kaki imenyooka kwa pasi, lakini kaki hailiwi. Siku moja tumerudi na vikapu vitupu, ukasimama nyuma ya nyumba ukalitazama bonde, magugu matupu na madimbwi.

"Ile ardhi ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali inalima nini pale?"

"Hailimi kitu."

"Basi tulime sisi."

Nikakwambia mji una sheria zake. Ukasema, "Na tumbo lina zake."

Ulipita nyumba kwa nyumba, nami nikakufuata. Nilikufuata kwa kuwa niliwajua watu wangu: wangeisikia lafudhi yako wakacheka. Nikiwa nyuma yako hakuna aliyethubutu kucheka. Wakaja wajane, wakaja wake za makuli wa bandarini, akaja Mama Chausiku muuza vitumbua na ulimi wake wa kisu. Tukafyeka, tukachoma magugu, tukachimba mifereji ya kutoa maji, tope hadi magotini, kaniki tumezifunga viunoni. Masika yalipopiga mvua za kwanza, mbegu zilikuwa zimekwisha lala ardhini: mahindi, kunde, bamia, maboga, na mchicha pembezoni.

Na wewe ndiye uliyesema shamba liwe moja. Hakuna tuta la fulani wala tuta la fulani. Wanaolima wote wanachuma, mzazi na mgonjwa wanapelekewa nyumbani. Asiyepalilia asichume. Walisema haitawezekana, wanawake wa mji watararuana. Mama Chausiku ndiye aliyekujaribu. Palizi nzima hakuonekana, kisha akatokea na kikapu kuchuma mchicha. Ukasimama mbele yake.

"Wewe mtu wa kuja unanizuia mie, mzaliwa wa hapa?"

"Mchicha haukuniuliza nilizaliwa wapi," ukamjibu, ukamkabidhi jembe.

Akalitazama jembe, akakutazama, akainama. Alipalilia mpaka Adhuhuri huku akikutukana wewe, ukoo wako na mlima wenu, na jioni akaenda na kikapu kimejaa. Tangu siku ile hakuna aliyepalilia kama yeye.

Tausi, unakumbuka tulivyokula msimu ule? Mchicha ulitangulia, bamia zikafuata. Watoto wa mtaa waliacha kulia wakati wa kulala. Mahindi yakatupita vichwa, yakatoa mbelewele, na ulikuwa ukiingia katikati yake asubuhi ukitoka nywele zimejaa chavua. Hapo nilikuwa nimekwisha acha kukuita "yule". Nakuita Tausi.

Ndipo akaja Bwana Afya, Mzungu mwenye soksi ndefu, na jumbe wetu nyuma yake anafuta jasho. Jumbe akatuambia amri: ndani ya mipaka ya mji mahindi hayaruhusiwi, yanaficha mbu. Yang'olewe yote kabla ya Jumatatu. Punje zilikuwa bado maziwa! Ukasogea mbele, mkono kiunoni.

"Mwambie bwana mbu hao wanatuuma sisi kabla ya yeye. Tumewavumilia miaka yote, tutawavumilia mpaka mavuno."

Jumbe akatafsiri maneno mawili, nayo hayakuwa yako.

Walipoondoka tukakaa chini bondeni pale pale. Wengine walitaka kung'oa. Serikali ni serikali, walisema, tutafungwa. Hukuwabembeleza. Ulisema mwenye hofu arudi nyumbani, hakuna atakayemcheka, na fungu lake la bamia litabaki palepale. Mama Chausiku akatema mate pembeni. "Mie nimepalilia," akasema. "Sing'oi."

Jumatatu walikuja vibarua na mapanga, na nyapara wao, Bwana Afya nyuma yao. Mstari wa kwanza ulianguka mbele ya macho yetu. Sitausahau ule mlio, mabua yaliyojaa maji yakikatwa. Wewe hukupiga kelele. Uliingia mstari wa pili, ukakaa chini, ukanyosha miguu kama mtu anayechambua kunde uani kwake. Mie nilikuwa nimesimama juu ya mfereji najiambia: mwanamke wewe, mume wako anakula mshahara wa hawa hawa. Nikayatazama mahindi. Nikakutazama ulivyokaa peke yako na mapanga yanakuja. Nikashuka, nikakaa ubavuni mwako. Ukasema bila kugeuka, "Sogea kidogo, Bi Mkubwa, umekalia mboga." Basi nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichowaleta wengine. Kabla ya muda mrefu kila mstari ulikuwa na mtu.

"Bwana," nyapara akasema, "sasa kuna watu humu."

"Waondoeni!" Bwana Afya akafoka.

Nyapara akalitazama panga lake. "Mie nimeagizwa kukata mahindi tu, bwana."

Wakaondoka. Lakini waliondoka na jina lako, kwa sababu walipouliza nani mkubwa wa fujo hii, ulilitaja kabla sie wengine hatujafungua vinywa.

Tuliwangoja askari. Hawakuja. Walijua njia fupi kuliko hiyo. Jioni ile Selemani alirudi kutoka Bomani mkanda wake kaushika mkononi, uso umemshuka. Alikuwa ameitwa mbele ya wakubwa zake akaulizwa kama anaweza kumtawala mkewe. Namtendea haki hapa: Selemani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ikikaa kwenye kiti cha mume inatoa amri.

"Kesho utakwenda kwa jumbe," akakwambia. "Utaomba radhi mbele ya watu, kisha utang'oa wewe mwenyewe, wenzio wafuate."

"Sing'oi."

"Nitakosa kazi, Tausi!"

"Naliogopa hilo kama wewe. Lakini siwezi kulaza na njaa watoto wa mtaa mzima ili sisi tulale na kazi."

Akanigeukia mimi, Bi Mkubwa, niliye na kila sababu ya kutaka uende zako. Mtaa mzima ulikuwa ukiingoja siku hiyo. "Sema naye," akaniomba. Nikamwambia, "Amekwisha kujibu. Na mie jibu langu ni hilo hilo."

Kesho yake akaleta mashahidi wawili, akakupa talaka moja. Mimi hakuniacha. Alimwacha yule ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa, apate kitu cha kupeleka kazini. Wakubwa zake wakaridhika. Nasi tuliyabeba mabua ya mstari ule uliokatwa, tukayarundika njiani yaonekane, jumbe akapata la kusema kwamba kazi ya kung'oa imeanza. Sijui kama alidanganyika au alituonea huruma. Walidhani shamba lina kichwa kimoja, na kikishakatwa, kiwiliwili kitaanguka chenyewe.

Hawakujua eda ni nini. Sheria ya Mungu ilikuweka ndani ya nyumba ile ile, chumba kile kile, na hakuna aliyeweza kukutoa mpaka ikamilike. Mie nikawa miguu yako. Nilirudi kila siku na tope, nikakaa kizingitini kwako nikakupa habari: kunde zimeanza kukauka, ndege wamezidi upande wa mfereji, Mama Chausiku amegombana na wajane. Ukaniambia la kufanya, nikaenda nikalifanya. Selemani naye alikuja mlangoni mwako, mie nipo, hakunionea haya.

"Sema neno moja la radhi, nikurejee. Moja tu."

"Kwenu linaitwaje? Maana kwetu silijui."

Akaondoka. Alirudi tena siku nyingine, ukampa jibu hilo hilo. Nilikuwa nakusikia ukilia baada ya yeye kwenda, Tausi. Naliandika hili kwa ajili ya wanaosema ulikuwa na moyo wa jiwe. Ulimpenda. Ulimpenda na hukumpigia magoti, na hayo mawili yalikaa ndani yako pamoja.

Na mahindi yakakomaa. Tukavunja, tukagawa, kila nyumba ikapata. Kikapu cha kwanza nilikileta kwako, nikawasha moto uani nikachoma. Ile harufu! Selemani akatoka chumbani na kigoda chake, akakaa, akanyosha mkono. Nikamwambia, "Asiyepalilia asichume." Akainuka akaenda msikitini na njaa yake, na wewe huko ndani ukacheka mpaka ukapaliwa.

Eda ilipokwisha ukafunga mzigo. Nilitaka ubaki, hata kama si kwa mume, ubaki kwangu. Ukasema kwenu kuna mama mzee. Basi mzigo wako niliubeba mimi, kichwani, kutoka Kinondoni hadi stesheni, mchana kweupe, watu wakitoka milangoni kumtazama Bi Mkubwa akimchukulia mzigo mke mdogo aliyeachwa. Walitazama mpaka wakashiba. Kwenye gari moshi ukatoa kichwa dirishani ukaniambia vuli msiliache bonde. Nikakwambia, "Nenda zako, usinitume kazi." Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Hatukuliacha. Vuli ile tulilima, na masika yaliyofuata, na kila masika tangu hapo. Mabwana afya wamebadilika, kila mmoja amekuja na amri yake ya mbu. Mwaka mwingine walikata, tukapanda upya siku hiyo hiyo. Mwaka mwingine walichoka kabla yetu. Hakuna aliyewahi kutupa ruhusa, na hatukuwahi kuiomba. Mwaka huu wamekuja wapima ardhi, wamechomeka vigingi bonde zima, wanasema pana viwanja vya nyumba. Tumepanda maboga, Tausi. Yametambaa, yamevipanda vigingi vyao mpaka juu, na maua yamechanua.

Kaka yako alipokwisha niambia, nilimwendea Selemani nikamwambia nitakusomea hitima hapa nyumbani. Sasa ni mzee, kaki imekwisha, katika kazi ile aliyoilinda walimstaafisha, wakamsahau. Akasema, "Si mke wangu yule. Watu watasema nini?" Nikamwacha na swali lake, nikatia sufuria jikoni. Jana wakaja wanawake wote wa bondeni. Mama Chausiku alikuja kwa fimbo, akakaa chini kwa taabu, akagombana na kila aliyetaka kumsaidia. Wanaume wachache wakakaa barazani na mwalimu, na Selemani akawa amesimama ng'ambo ya njia, kama mtu anayengoja mwenzake.

Mwalimu akauliza kwa sauti, kama ada, marehemu ni nani wangu. Nikajibu kutoka mlangoni: "Mke mwenzangu."

Akababaika. "Nimesikia aliachwa, Bi Mkubwa. Zamani sana."

"Aliachwa na Selemani," nikasema, nami nilisema ili nisikike ng'ambo ya njia. "Mimi sijamwacha."

Mwalimu akafungua msahafu. Na Selemani akavuka njia polepole, akavua makubazi, akakaa mwisho wa mkeka penye jua, akafunua viganja.

Pumzika, bibi wewe.

Ni mie mke mwenzio,
Bi Mkubwa