Using'oe Chai, Papa

Etterbeek, Brussels
Mwezi wa tano

Papa wangu,

Kabla ya yote, magoti yanasemaje? Mama ameniambia kwamba mvua za mwezi uliopita zilikufungia ndani siku nne, na kwamba ulimgombeza kila mtu aliyepita mlangoni. Hapo nikajua kwamba u mzima. Na Mama, presha imeshuka? Anameza dawa au bado anazificha kwenye kopo la sukari? Mimi sijambo. Baridi imeondoka, miti ya mtaa wetu imevaa majani, na mgongo unaniuma kidogo kwa ajili ya masufuria ya kantini. Lakini huo ni mgongo wako niliourithi, siwezi kumlaumu mtu mwingine.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakufahamu. Kwenye simu unaniambia "oui, oui, mutoto wangu," halafu unampa Mama. Barua huwezi kumpa mtu kabla hujaifungua. Tonton Déo, mdogo wake Mama, anasafiri Alhamisi kupitia Kigali, Ijumaa atavuka mpaka wa Ruzizi, na ameniapia kwamba Jumamosi atakuwa kwako Kabare. Vijana wa majembe wanakuja Jumatatu. Kwa hiyo una Jumapili nzima ya kusoma, na hapo huna kisingizio.

Papa, using'oe chai.

Najua ni nani aliyesema ng'oa. Ni mimi. Ulinipigia mwezi wa pili, ukasema shamba ni la watoto wote, na hutagusa hata mzizi mmoja bila neno la mkubwa wao. Nayakumbuka maneno yako yote: "Furaha, kiwanda ilifunga, haitafunguka tena. Batu ya matofali banataka visiki ju ya kuchoma. Mi nitapanda muhogo. Alors, weye mukubwa, unasema nini?" Nilikuwa kwenye kituo cha basi, nimechoka, mvua inaninyeshea, nikakujibu: "Ng'oa tu, Papa. Ile chai haikutupatia kitu." Nilisikia unapumua. Kisha ukasema "bon," yaani basi, na kumpa Mama simu. Toka siku ile, hiyo "bon" yako iko nami kila ninapokata vitunguu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini neno la mtoto kwa baba yake si maji, na mimi nimekuja kulizoa.

Sasa nikueleze kilichonigeuza, maana utasema nimeota.

Unamkumbuka Rupali, mwenzangu wa kantini, yule mwenye nywele ndefu uliyemwona kwenye simu ukamwuliza kama ameolewa. Kwao ni Asamu, India ya mashariki kabisa, kwenye bonde la mto unaoitwa Brahmaputra. Mwezi wa nne wana sikukuu yao ya mwaka mpya, naye akanialika kwao kwa likizo ya majuma mawili. Nilipomwambia Tonton Déo tukiwa sokoni Flagey, aliweka kahawa yake chini.

"Attends, ngoja kwanza. Kwenu mbele ya nyumba kuko nini?"

"Chai, Tonton."

"Na huko Inde unaenda kuona nini?"

"Mto, na wanyama, na mahekalu... na mashamba ya chai."

"Donc umekimbia majani ya baba yako, sasa unalipa nauli ya avion ju ya kuangalia majani ya baba ya mwingine!" Alicheka mpaka muuza maua akageuka kututazama. Nami nilicheka, lakini iliniuma.

Papa, ule mto si Ruzizi. Ukisimama ukingoni ng'ambo huioni, unaona maji ya udongo na visiwa vya mchanga. Pantoni inavusha pikipiki, ng'ombe, wanafunzi na mama mmoja na kabati lake. Mji wa kwanza tuliofikia una hekalu juu ya kilima, na Rupali alitaka apitie huko kwanza kabla ya kufika kwao. Najua Mama ameshaacha anachofanya na kuuliza, "Aliingia?" Niliingia uani, Mama. Nilivua viatu kama wote, nikakaa pembeni karibu na mbuzi waliopakwa unga mwekundu, na moyoni nikasali Baba Yetu mara tatu ili kila mtu ajue mipaka yake. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa analia huku ameshika nazi na maua. Rupali akaninong'oneza kwamba anaomba mtoto. Alilia vile vile wanavyolia kwetu kwenye maombi ya kufunga, hata pua alipangusa kwa pembe ya nguo. Sala ya nne nilimwombea yeye. Wakati nimefumba macho, nyani akaniibia mkononi ndizi zote nilizonunua kwa chakula cha jioni, kwa hiyo usiku ule nililala na njaa na dhamiri safi.

Kesho yake tulielekea kwao, na njiani tukaingia mbuga ya wanyama. Asubuhi na mapema, gari halina paa, majani yamepita kichwa cha mtu. Kifaru wa pembe moja akatoka, akasimama katikati ya njia, akatutazama kama askari wa kizuizi anayengoja karatasi. Dereva akazima injini. Mimi nikaanza Zaburi ya ishirini na tatu na nikaisahau katikati. Alitukagua weee, kisha akajikokota kwenda zake majini. Baadaye tuliona tembo na watoto wao, na ndege wengi kiasi cha kukuchosha shingo. Rupali akaniuliza kama kwetu kuna wanyama, nikajivuna kumwambia kuhusu gorila wa msituni kwetu. "Wakoje?" Nikamwambia sijui, sijawahi kuwaona. Aliniangalia vibaya, na alikuwa na haki.

Nyumbani kwao ni nusu saa kutoka mbugani. Baba yake, ambaye nitamwita Baba Rupali, ni mzee mwembamba wa umri wako, mkimya, anayetembea mikono nyuma. Alinipokea mlangoni na kitambaa cheupe chenye pindo nyekundu amekilaza juu ya viganja viwili. Nikashukuru, nikakipokea kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha, nikakifunga kiunoni juu ya suruali, nikauliza jikoni ni wapi. Wote wakatazamana. Kisha bibi yake Rupali akaanza kucheka, akacheka mpaka wakampa maji. Kumbe ni kitambaa cha heshima, mgeni huvishwa shingoni! Lakini niambie, Papa, mwanamke wa kwetu akipewa kitambaa na wenyeji siku ya sikukuu, afanye nini kingine zaidi ya kukifunga na kuingia jikoni? Niliona aibu mpaka masikio. Baba Rupali hakucheka. Alimwambia binti yake maneno mafupi, naye akanitafsiria: "Anasema usikifungue. Kesho kutwa utakwenda naye shambani."

Ndiyo yale yale ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwao ni kikapu.

Na shamba lenyewe, Papa, ni chai. Mistari kama yako, yenye kivuli cha miti mirefu. Nilivaa kikapu mgongoni nikasema moyoni, nimelipa nauli kuja kufanya kazi niliyoitoroka. Lakini vidole havikusahau. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Wanawake waliokuwa wanachuma walisimama kunitazama. Mwisho wa mstari Baba Rupali alipindua kikapu changu juu ya turubai, akapekua, akatupa majani matatu magumu. Matatu tu! Wewe ulipokuwa kapita wa kusimamia wachumaji pale kampuni ulimwaga nusu ya kikapu changu mbele ya watu wote, nikiwa na miaka kumi na mbili, nikakuchukia mpaka Krismasi. Sasa nakusamehe, maana mikono hii umeifundisha wewe.

Tulipokaa kunywa chai kibarazani, Baba Rupali alinisimulia maisha yake, binti yake akitafsiri. Zamani alilima mpunga karibu na mto. Mto ukala shamba lake, misimu miwili ukalimaliza. Alinipeleka kunionyesha mahali lilipokuwa, na pale pote ni maji tu. Akahamia juu, akapata kipande kidogo kuliko chako, akapanda chai, akawa anapeleka majani kiwandani. Kisha kiwanda kikaanza kuyakataa. Leo wanasema yamezidi, kesho wanasema gari halipo. Majirani waling'oa. Yeye alikaa na majani yake yanayooza kwenye magunia, halafu akasema, hii mashine inafanya nini ambayo mimi siwezi? Akaanza kutengeneza chai jikoni kwake. Leo anauza kwenye pakiti za karatasi, kwa majirani na kwa hoteli mbili za barabarani. Hakutajirika, Papa, sitakudanganya. Nyumba yake ni ya mabati kama yetu. Lakini hakuna anayemwambia gari halipo.

Nikamwambia kwamba baba yangu amechuma na kusimamia chai miaka thelathini, na ana shamba lake mwenyewe. Akafurahi, akasogeza kiti. Akauliza, "Chai yake ina ladha gani?"

Nilimtazama Rupali kama vile yeye angejua. Miaka thelathini tumepeleka majani kiwandani yakiwa mabichi, kisha tunashuka dukani kununua chai ya pakiti kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi tulikua ndani ya chai na hatujawahi kuionja hata siku moja. Nilimjibu ukweli huo. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na ungo.

Alinifundisha siku nne. Majani unayatandaza kwenye ungo kivulini tangu jioni mpaka asubuhi, yalegee kama kitambaa. Asubuhi unayafikicha kwa viganja juu ya mkeka, kwa nguvu, mpaka yatoe maji na kujikunja. Unayafunika na kitambaa kibichi saa mbili au tatu, mpaka yageuke rangi ya shaba. Hapo utasikia harufu, Papa, na utaijua kabla yangu: ni ile iliyokuwa inatoka kiwandani asubuhi na kupita juu ya shule yetu. Kisha unayakausha kwenye karai juu ya moto mdogo, unageuza kwa mkono bila kuacha. Mara ya kwanza nilichochea moto ili nimalize upesi, nikaunguza yote. Haraka haraka, si unajua. Bibi alikunywa kikombe chake chote kwa adabu, akaomba maji. Mara ya pili ilikuwa inanyweka. Mara ya tatu ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha ya kahawia aliyobeba Tonton. Yeye amenusa tu na kusema, "Ah bon? Hii ni mikono yako? Pas possible." Usimpe nyingi, atamaliza.

Sasa nisikilize. Ile mistari mitatu ya mbele ya nyumba, ambayo Mama huipunguza ili aanike nguo juu yake, lazima ina majani laini. Jumapili mkitoka kanisani chumeni kikapu kimoja, wewe na Mama. Fanya kama nilivyoandika. Mashina mengine yaliyokwisha kuwa miti kwa kutochumwa, unajua kuliko mimi jinsi ya kuyakata hadi magotini ili yachipue upya. Muhogo panda kule chini bondeni, sikukatazi. Nimeomba likizo ya Septemba, mvua zikirudi, na msimamizi wangu ameshatia sahihi. Majuma matatu nitakuwa mikononi mwako, na kikapu changu umwage unavyotaka. Ninaogopa kitu kimoja tu, kwamba nimechelewa, vijana wamekuja kabla ya Jumatatu na mmeshaanza kuchimba. Ninaomba isiwe.

Nisalimie Mama, mwambie nyani hakuning'ata. Nisalimie shangazi wa kule juu kwenye barabara, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie simu niliyomtumia si ya kupiga picha za sahani. Nisalimie mchungaji na mkewe, na yule jirani mwenye redio kubwa. Rupali anakusalimia, na hapana, bado hajaolewa. Baba yake naye anakusalimia, mkulima kwa mkulima.

Na Jumatatu vijana wakifika na majembe yao, wape chai ya moto ya ile bahasha na uwaonyeshe mstari huu, nimeuandika kwa herufi kubwa ili usihitaji miwani: MIMI MKUBWA WA WATOTO NIMEONDOA NENO LANGU. SHAMBA LIBAKI, MWENYEWE HAJALIONJA.

Binti yako,
Furaha