Yeyo, Jumamosi Natakiwa Kuwa Wewe

Yeyo, mama yangu,

Jumamosi natakiwa kuwa wewe, mbele ya watu, katika ukumbi wa kanisa hapa Karatu. Mwalimu Boay ameandika mchezo wa kuigiza juu ya mama wa kijijini kwetu Endulen aliyesimama mkutanoni akadai watu wasihamishwe kabla ya kusikilizwa. Watu wa nyumbani watakuja kwa lori kukutazama. Kwa kuwa wewe umeshatutoka, watanitazama mimi.

Mchezo ni mzuri, sitaki kumsingizia mwalimu wa watu. Lakini huyo mama wake haogopi kitu. Anaingia mkutanoni kama anakwenda kuchota maji. Namtafuta mama yangu mle, simwoni. Wewe uliyekuwa ukinigombeza njia nzima kwa sababu chai ya asubuhi ilipungua sukari! Wewe ambaye ukifika Karatu, kabla ya shughuli yoyote, lazima ule chipsi mayai, na ukiona namezea mate sahani yako unaigeuzia upande wa pili.

Siku ile ya mkutano nilisimama nyuma yako. Wengine waliona mgongo ulionyooka. Mimi nilikuwa nimekamata shuka yako, maana ulininong'oneza, "Nishike, wee mtoto, magoti yamenikataa." Yalitetemeka mpaka shanga zikawa zinalia. Sauti ilikukatika katikati, ukanyamaza, ukaanza upya, ukasema yote uliyokuja kusema. Nikiwaeleza watu hivyo hawanisadiki. Kaka anasema nakushusha hadhi.

Kisha yule afisa aliyetumwa kutuhamisha. Kijana wa watu, rika la kaka, jasho linamtiririka. Ulipomaliza kusema ulimwendea, ukamshika mkono, ukamtemea mate kidogo kiganjani, kama ulivyotutemea sisi tulipokuwa tunakwenda shule. Ulikuwa unambariki. Yeye, mtu wa mbali, akaruka nyuma. Vijana wetu waliosimama kule nyuma kabisa, na hasira zao, wakaona ametemewa, wakashangilia.

Tangu hapo ukawa "mama aliyemtemea mkubwa mate." Kila ukilisikia jina hilo ulikuwa unainamisha kichwa. "Nimembariki mtoto wa mwenzangu," uliniambia siku moja tukikamua, "sasa nitaitwa sina adabu mpaka naingia kaburini." Na kweli uliingia nalo, Yeyo. Hilo linaniuma.

Maana ndivyo Mwalimu Boay alivyoandika: unamtemea usoni, kwa hasira, ngoma inalia. Pale ndipo anapotegemea makofi. Jana kwenye mazoezi nilikataa. Nilitetemeka kama ulivyotetemeka, nikamshika kiganja Hamisi, kijana wa muuza duka anayeigiza afisa, nikatema polepole, nikamwombea kama ulivyokuwa ukituombea. Hamisi akasahau maneno yake.

"Aisee dada," Mwalimu akasema, "hapo umeniulia shujaa wangu. Watu wanakuja kuona simba."

"Wanakuja kumwona mama yangu, Mwalimu."

"Na wakizomea?"

Naogopa. Watu wetu wamechoka, Yeyo, wanataka japo mtu mmoja ambaye magoti yake hayachezi, na pengine mimi ndiye nawanyang'anya huyo mmoja. Kaka ameapa hatatia mguu ukumbini. Halafu najiuliza kama wewe mwenyewe ungekubali Karatu nzima ione ulivyotetemeka, na majivuno yako yale! Nilikuwa na miaka yote ya kukuuliza, nisikuulize.

Lakini ushujaa wako mimi niliushika kwa mkono wangu, na ulikuwa unatetemeka. Mwingine siujui. Nikiuigiza ule wa Mwalimu nitakuwa namwigiza mtu nisiyewahi kukutana naye.

Basi leo asubuhi nimemwambia: nacheza kama nilivyocheza jana, au atafute mwingine. Amekubali, shingo upande, na kuniambia lawama zote nizibebe mwenyewe.

Nitazibeba. Lala salama, mama. Wakizomea, nizomewe nikiwa wewe. Makofi ya mwanamke mwingine siyataki.

Mimi,
Kitindamimba wako