Mama Mkwe Alitengeneza Bunduki ya Misumari, Sifa Nikachukua Mimi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana kamba niliyofungwa nayo nimejifunga mwenyewe. Mimi ni seremala katika karakana ya watu sita, tunatengeneza fremu za milango, na kazi kubwa tunaifanya kwa bunduki ya misumari, ile inayosukumwa na hewa ya kompresa, sasa mwezi uliopita ya kwangu ikaanza kuvuja hewa na kupiga kwa unyonge, msumari nusu unaingia nusu unabaki nje, nikabadilisha misumari, nikaongeza hewa, nikaigongagonga, wapi, mpaka bosi akasema niende nayo nyumbani Jumamosi niihangaikie, la sivyo nirudi kwenye nyundo.

Nyumbani tunaishi na mama mzazi wa mke wangu, alikuwa mshonaji miaka mingi mpaka macho yakafifia, sasa anaona mwanga na vivuli tu, basi asubuhi hiyo nimewasha kompresa ya kuazima uani, yeye yuko kibarazani anakunja nguo, akaniambia, "Baba, hicho kitu kinahema vibaya." Nikamjibu kwa heshima tu, "Ndiyo mama, kimechoka." Akasema, "Hakijachoka. Kinapumulia kisogoni. Hebu nipe."

Sikutaka, ni chombo cha hatari, lakini mama mkwe utamkatalia vipi, nikachomoa mpira wa hewa, nikatoa misumari yote, nikamwekea mapajani, akaipapasa kuanzia mdomoni mpaka kisogoni kama mtu anayempima mtoto homa, akaomba maji ya sabuni, akayapaka, akasema niunge hewa bila misumari nitazame, na kweli povu likachemka palepale alipokuwa ameweka kidole, kwenye kifuniko cha nyuma. Nikachomoa tena hewa, nikafungua skrubu nne, akaingiza kidole akakizungusha polepole, akasema, "Huu mpira wa duara umepasuka. Na humu ndani mmekauka kabisa, mafuta unatia lini?" Nikaenda dukani nikaleta mpira wa kipimo kilekile, akauvalisha mwenyewe, tukatia mafuta, nikapiga msumari kwenye ubao mgumu, ukazama wote mara moja na kichwa kikalala sawa na mbao. Mshauri, miaka kumi na moja ya ufundi sijawahi kusikia alichokisikia yule mama akiwa amekaa anakunja mashuka.

Jumatatu bosi akauliza nani kaitengeneza, ulimi ukaniteleza, nikasema mimi. Tangu hapo naitwa Daktari. Bosi akapita mpaka nyumbani kunisifia mbele ya familia, mama mkwe akasikiliza yote, akasema tu, "Karibu chai," na mke wangu tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Sasa nimepewa bunduki nyingine, hii ukibonyeza mara moja inapiga misumari miwili, imemkosakosa mwenzangu kidole gumba, bosi anaitaka Ijumaa, nimeifungua mara tatu sioni kitu. Nimpelekee mama kwa siri tena, au niseme ukweli nichekwe?

Daktari wa Uongo

*

Ndugu yangu,

Barua yako niliipata Jumanne, na kwa kuwa Ijumaa haisubiri gazeti, nilikupigia simu. Wasomaji wasikie tulichoongea. Nilikuuliza bunduki iko wapi, ukasema iko kwenye benchi na hewa imeungwa. Nikakuambia nenda kachomoe kwanza, nikangoja. Kuogopa kuchekwa naelewa, sote tuna aibu. Lakini kuwaacha wenzako karibu na chombo kibovu ili wewe ubaki na cheo, hapo sikukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nilikuita mwoga.

Nikakutuma kwa mama kwanza, bosi baadaye. Jana umenipigia. Unasema ulimwomba radhi ukiwa umepiga magoti, naye akajibu, "Nilikuwa nangoja kuona utachelewa kiasi gani." Basi. Akaomba viatu vyake.

Unasema mama alipofika nawe ukamwambia bosi ukweli, karakana nzima ilizima mashine. Aliketi kwenye stuli, akaagiza bunduki ipigwe mara moja tu kwenye gogo, kisha hewa ichomolewe, misumari itolewe. Akabonyeza triga na kuiachia, akaisikiliza, akasema, "Inarudi kwa uvivu." Mlipofungua mkakuta springi imelegea na vumbi la mbao limeganda kwa mafuta kwenye vali ya triga. Mkasafisha, mkaweka springi mpya, mkapiga mara ishirini, msumari mmoja mmoja. Bosi alivua kofia na hakuna aliyecheka.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi tia matone mawili matatu ya mafuta. Kila jioni toa maji kwenye tangi la kompresa. Usifungue kitu hewa ikiwa imeungwa, hata kwa dakika moja. Wakikuita Daktari, usiitike. Mkeo mwombe radhi peke yake, si kwa kupitia kwa mama.

Na kwa kuwa unasema mama amekubali kuwafundisha wewe na wenzako Jumamosi, wahi mapema, kaa karibu naye, fumba macho, na mikono yako itulie mpaka akuambie ulichokisikia ni nini.