Kila Mtu kwa Kosa Lake

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani? Kifua kimeacha kubana? Sisi wazima. Saluni inakwenda, ila wateja wanalalamika kwamba siku hizi nasuka huku nikihubiri.

Ni kweli. Kila anayekaa kitini namwambia: ndugu yangu alikutwa na kete mbili za dawa za kulevya, za kuvuta mwenyewe, akapewa miaka ishirini, sawasawa na anayeingiza unga kwa magunia. Jaji mwenyewe alisema sheria imemfunga mikono. Basi mikono hiyo tutaifungua. Tumejikusanya familia za wafungwa, na kamati ya bunge imekubali kutusikiliza.

Usicheke.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Kifua afadhali. Nimecheka, nisamehe. Wewe na wabunge wapi na wapi?

Lakini nilipowasomea wenzangu selo, hakuna aliyecheka. Jirani yangu wa mkeka, mwenye kosa kama langu, alisema: "Mwambie asituombee huruma. Aombe kila mtu apimwe kwa kosa lake."

Nimefikisha. Waambie pia kwamba uteja wa unga nimeuacha.

Mdogo wako

8 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Kimya changu kilikuwa cha kazi, usidhani nimekutupa.

Kikaoni niliwaeleza habari zako na za wenzako. Mheshimiwa mmoja akaniambia wakilegeza sheria, mitaa itajaa unga. Nikamjibu: "Miaka yote hii mmekaza, mheshimiwa, na mitaa imejaa. Muuzaji mfungeni. Mgonjwa, mpeni jaji nafasi ya kumtazama."

Sheria imepita! Jaji sasa atapima mwenyewe, na mraibu anaweza kupelekwa kwenye matibabu. Ila inawahusu watakaoshtakiwa kuanzia sasa. Ninyi wa zamani mmeachwa nje, yaani ndani. Wakili wetu amekukatia rufaa, kwa kuwa muda wako haujapita na kesi iliyo kwenye rufaa hupimwa kwa sheria mpya; wenzako muda wao umekwisha, nasi tunadai kikao kingine kwa ajili yenu wote. Aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia.

Dada yako

21 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo tena na tena. Mimi mzima, kifua kimepona.

Wiki iliyopita aliletwa kijana mwenye kete kama zangu. Amepewa miezi sita, kisha matibabu. Selo nzima tulimpigia makofi, naye akadhani tumerukwa na akili.

Sasa langu. Rufaa imesikilizwa. Jaji aliniuliza habari za maisha yangu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza mahakamani. Akasema nilichotumikia kinatosha. Natoka Ijumaa asubuhi.

Wakili ameniambia kamati imewakubalia kikao kingine Ijumaa hiyo hiyo, na nakujua wewe: utataka kuja kunisubiri getini. Usije. Jirani yangu wa mkeka bado yumo humu, na wengi kama yeye. Nenda kawahi kiti cha mbele.

Yule mheshimiwa akikuuliza wagonjwa unaowasemea wako wapi, mwambie mmoja yuko njiani, anakuja kujisemea mwenyewe.

Mdogo wako