Simu Imeshika Mtandao wa Baba Samia

Shirin, umeamka?

Alfajiri nimesikia simu ikilia tii juu ya kabati. Kutazama, imeshika mtandao wa "Nuruddin Chekeche". Wa marehemu mume wangu! Na duka lake la chekeche, ulikokuwa mtandao huo, tumelifunga mwaka wa pili sasa.

Mara hodi mlangoni, na kikohozi kama chake kabisa. Unajua nilisema nini? "Ingia, Baba Samia." Nimesema, Shirin, kwa mdomo wangu huu!

Kumbe ni Jashvant, jirani, yuko kwenye matembezi yake. Simu yake nayo ilishika palepale barazani, kama enzi zile anakuja dukani kunywa kahawa na marehemu. Hakunicheka. Alisema, "Mama Samia, hata mimi nilidhani ni yeye."

Nikamwamsha binti yangu Samia, nikamuuliza. "Mama, jana niliiweka ile ruta ya dukani, kile kisanduku cha mtandao, hapo ukumbini, ili wajukuu wakikupigia video isikatike. Nilisahau kufuta jina la zamani. Nilibadilishe?"

Jashvant alikuwa ameishika simu kama yai.

"Liache," nikasema.

Nikamkaribisha Jashvant kahawa, akainywa palepale barazani. Akiaga nikamwambia, "Kesho upite tena, Jashvant. Ruta nitaiacha imewashwa."